Yana Mwenyewe

Daftari langu lina uongo mmoja.
Mengine yote ni kweli: tarehe, jina la mkataji,
idadi ya mawe, alama ya kidole changu pembeni mwa ukurasa.
Uongo ni arobaini.

Hapa Maweni, kisiwani Manda,
maji ni ya jirikani, na jirikani ni ya pesa,
na pesa ni ya mawe,
na mawe ni bahari iliyokufa zamani ikasahau kuzikwa.
Pasua moja utaona: chaza, kombe,
mkunjo wa konokono asiyefika alikokuwa akienda.

Ogutu ndiye aliyeuona kwanza.
Alikuwa juu ya ukuta wa machimbo,
ghafla nyundo ikanyamaza.
Nyundo ikinyamaza huku kwetu, tunakimbia:
ama jiwe limemwangukia mtu, ama mtu ameangukia jiwe.
Tukamkuta amechuchumaa, kofia kaivua,
kama aliyekuta mlango wa watu wazi
asijue abishe hodi vipi.

Ndani ya ufa usiopitisha kidole
mti wa dhiraa moja, umepinda kiwiko,
shina la kijivu, gumu kama ukwato wa mbuzi,
majani madogo manene, yamebeba vumbi letu,
na maua matano.
Yalifanana na nini? Niliandika, nikafuta.
Weupe wa chokaa mbichi, kooni tone la zambarau,
yakifunguka alfajiri
na kabla jua halijashika mpini wa nyundo, yamejifunga.

Bi Mwanashee, anayetuuzia mahamri, alisema kwao Siyu hakuuona.
Katana akasema si wa Bamba.
Ogutu akasema kwao Seme mawe ni ya mviringo, na hayazai.
Basi ukakaa bila jina,
kama mtoto kabla ya siku ya saba.

Ogutu akalinyima koo lake:
kila jioni kikombe cha maji, polepole, ufani.
Tukamcheka. "Umeoa?"
Mwezi wa pili majani yakaanza kugeuka manjano.

Ndipo akaja Muthoki, lenzi shingoni,
magazeti ya kukaushia, buti za kuazima.
Alilala kifudifudi jabalini nusu saa, hasemi.
Kisha: "Nani anaumwagilia?"
Ogutu akainua kidole kama mwanafunzi.
"Acha, baba. Unauzamisha.
Huu hunywa umande, na jasho la jiwe."
Kwenye karatasi yake, mahali pa jina,
aliweka alama ya kuuliza.

Ogutu hakumwaga tena.
Alipita tu, mikono nyuma,
kama mtu aliyekatazwa kumbeba mwanawe.

Ikaja oda ya Shela: hoteli, mawe elfu mbili, kabla ya Ramadhani.
Ukuta ule wote umo hesabuni.
Ogutu akakata kushoto. Akakata kulia.
Akakata nyuma, taratibu,
kama kinyozi anayezunguka sikio la mtoto.
Katikati ikabaki nguzo,
urefu wa mtu na nusu, juu yake kiwiko kile cha kijivu.
Nikapima kwa kamba: mawe arobaini.
Arobaini ni unga wa wiki mbili.

Hakuomba. Alisimama mbele ya meza yangu, vumbi kwenye kope.
Nikaandika: Ogutu, mia mbili na kumi.
Alikuwa amekata mia na sabini.

Tajiri alikuja na kikokotoo.
Akahesabu yaliyopakiwa, akahesabu yaliyoandikwa,
akaniita kwa jina lote, Dama Karisa Ngumbao,
"Mawe arobaini yako wapi?"
"Yapo Maweni, bosi. Hayajatoka."
Alinikata mshahara hadi Idi.
Kutazama juu, hakutazama.

Leo nimepanda mapema.
Ua moja tu, na ukingo wake umeliwa na mdudu.
Nikafungua daftari, safu ya mwisho, ile ya maelezo
ambayo hakuna anayeisoma,
nikaandika kando ya arobaini:
yana mwenyewe.